Zilipendwa na Nani?

Mwaka 2021 wazazi wangu walitimiza miaka 40 ya ndoa, na katika kugawana kazi za sherehe mimi nikapewa muziki. Niliona nimependelewa. Nilikuwa na simu, spika ya kuazima kwa binamu, na jambo moja nililodhani nalijua kuliko wadogo zangu wote: tangu utoto wangu, kila redio ilipopiga "Georgina" ya Safari Trippers, Mama aliacha kazi iliyokuwa mkononi mwake. Nikajiambia, huo ndio wimbo wao. Nikaupanga uwe wa kwanza baada ya sala ya chakula.

Ulipoanza, mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati hadi nikalazimika kuongeza sauti. Wajomba wakashangilia. Baba akainuka kucheza na shemeji zake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani mbili mikononi. Akanitazama mimi, si Baba. Kisha akarudi jikoni.

Nilimfuata. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi ambazo hakuna aliyekuwa amemwomba azimenye.

"Nani alikwambia ule ni wimbo wangu mimi na baba yako?" akaniuliza, bila hasira.

Muziki wa dansi wa zamani tunauita zilipendwa. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote bila kulisikiliza. Linasema kwamba nyimbo hizo zilipendwa, lakini halisemi nani alizipenda wala alikuwa na nani. Jioni ile ndipo nilipogundua kwamba mama yangu naye amewahi kuwa na miaka 18.

Ilikuwa mwaka 1976. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa imekabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka huohuo, na Mbeya ilijaa vijana wenye ajira mpya. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu Rungwe. Jumamosi alipanda basi la kushuka Uyole, Kiwira hadi Tukuyu, na Jumapili alirudi. Alimwita Mama "Georgina", kwa ajili ya wimbo ule, uliokuwa umempa jina kubwa kijana wa Kariakoo, Marijani Rajabu, kabla hata hajafika katikati ya miaka yake ya ishirini. Mama haitwi Georgina wala jina lolote linalokaribiana na hilo. Ndiyo maana lilifaa.

Kisha Mama akaugua kidole tumbo, akalazwa na kupasuliwa. Kijana hakuweza kwenda wodini mbele ya babu yangu. Akanunua kadi ya salamu.

Msomaji aliyezaliwa wakati wa simu huenda asijue uzito wa kadi ile. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio ya Tanzania Bara, na iliendelea kuwa hivyo hadi miaka ya 1990 vituo binafsi vilipoanza. Ulijaza kadi kwa mkono, ukaandika majina ya unaowasalimu, ukaituma kwa posta, ukasubiri. Kipindi cha Ugua Pole kilikuwa cha wagonjwa. Kumsalimia binti wa watu hadharani ilikuwa aibu. Kumwombea mgonjwa apone ilikuwa utu. Mapenzi yakapita kwenye mlango wa huruma.

Posta haikuwa na haraka. Salamu zilipofika hewani Mama alikuwa ameshatolewa hospitali, ameshaanza tena kuchuma chai. Jirani mmoja alikuwa na redio, na jioni watu walijazana kwake. Mtangazaji akasoma kwamba Kijana wa Reli anampa pole Georgina aliyelazwa Tukuyu. Watu wakaulizana, huyu Georgina ni binti wa nani? Bibi yangu, mcha Mungu wa Moravian, akasema maskini, popote alipo Bwana amponye. Mama akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Alinisimulia hilo akicheka mpaka akaweka kisu chini.

Mwaka 1978 kijana akahamishiwa Mpika, kwenye karakana ya reli upande wa Zambia. Zilikuja barua mbili. Baada ya hapo hakukuja kitu.

"Alikufa?"

"Sijui, mwanangu. Barua zilikoma tu."

Nilipotulia niliona kwamba kisa cha Mama hakikuanza na Mama. Wilaya yetu ina ardhi nzuri, mvua ya kutosha, ndizi, chai na kahawa, lakini kwa karibu miaka mia moja imekuwa ikiaga vijana wake. Miaka ya 1930 walipanda kwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya. Wengine walivuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na baadaye wengine wakaandikishwa kwenda hadi Afrika Kusini. Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia walioishi Rungwe katikati ya miaka hiyo ya 1930, waliandika juu ya vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja. Wakati huohuo vijana wa rika hizo walikuwa wameanza kuondoka kutafuta fedha ya kodi, ya nguo na ya ng'ombe wa mahari. Godfrey mwenyewe alitoka Rungwe akaenda kuchunguza maisha ya wafanyakazi wahamiaji katika mji wa migodi wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe. Hata mtafiti wetu aliishia Zambia.

Kwa hiyo Rungwe ilikuwa shule ya kungoja kabla redio haijafika. Redio iliwakuta wasichana waliokwisha kujua kupenda mtu asiyeonekana, ikawapa sauti ya kumkumbukia.

Na sauti yenyewe ilikuwa adimu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu zilitegemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Muziki mwingi wa dansi ulirekodiwa studio za RTD na kukaa kwenye kanda zake. Ili usikie wimbo, ilibidi mtu Dar es Salaam aamue kuupiga, na wewe wakati huo uwe karibu na redio yenye betri zenye uhai. Kwingine watu walianika betri juani zipate nguvu kidogo. Tukuyu jua liko wapi? Kwetu zilipashwa kando ya jiko.

Mama hakuwahi kuumiliki wimbo ule hata siku moja. Anakisia kwamba katika miaka ile miwili aliusikia mara kumi, labda kumi na mbili. Kila mara ulimkuta, hakuutafuta.

Mimi nilipofika zamu yangu mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha tano Mbeya, na nilikuwa na mtu wangu. Wimbo wetu ulikuwa "Bembeleza" wa Marlaw. Tuliusikia kwanza kwenye Haisi ya Mbeya na Tukuyu, tumebanwa viti vya nyuma, vioo vina ukungu, magoti yetu yanagusana kwa kisingizio cha msongamano. Yeye akaupata kwenye simu, akanirushia. Alipokwenda chuo Dar es Salaam niliusikiliza kila usiku. Aliponiacha, kwa ujumbe wa maneno yasiyofika kumi, niliusikiliza mara nyingi zaidi, kama mtu anayebonyeza jino bovu.

Leo bado ninao. Ukipigwa nakumbuka mambo mengi: harusi ya rafiki yangu, duka la simu lililokuwa likiupiga kutwa, siku nilizopiga deki bweni. Yule kijana yupo pia, lakini yuko nyuma kabisa, kwenye foleni. Wanaochunguza kumbukumbu wanasema nyimbo za ujana, takriban kati ya miaka 10 na 30, ndizo hutukaa zaidi. Wanasema pia kwamba kichocheo kilichofungamana na mambo mengi hupoteza nguvu ya kurudisha jambo moja. Nilitaka kumhifadhi mtu kwenye wimbo, nikaufungua mara nyingi hadi harufu yake ikatoka. Mama, ambaye hakuwa na namna ya kuufungua, wake umebaki mzima.

Sisemi zamani ilikuwa bora. Kijana wa reli angekuwa na simu, huenda Mama angejua kama yu hai. Kati ya kumbukumbu iliyochakaa na swali lisilo na jibu kwa zaidi ya miaka 40, sijui ningechagua nini. Marijani alifariki Machi 1995, na Mama anasema alilia siku ile peke yake shambani, akijua wazi kwamba hamlilii mwanamuziki tu.

Kisha nikamuuliza nililokuwa naliogopa. "Baba anajua?"

Akachukua ndizi nyingine. "Redio ilikuwa ya nani?"

Redio ilikuwa ya Baba, National aliyoinunua kwa hela ya chai walipooana mwaka 1981. Miaka hiyo madukani hapakuwa na sabuni, sembuse betri. Baba alizitunza kama mbegu. Alisikiliza taarifa ya habari, akazima. Hata mwaka 1986, Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara na mji mzima ukawa barabarani, yeye alisikiliza matokeo, akazima, ndipo akatoka kwenda kushangilia.

"Ule ukianza mimi nanyamaza," Mama akasema. "Ananiona. Hakuniuliza hata siku moja. Lakini ule hakuwahi kuuzima. Anauacha mpaka mwisho, ndipo anazima."

Sikuwa na la kusema. Nikamsaidia ndizi mbili tatu, nikanawa mikono, nikarudi sebuleni. Mvua ilikuwa imepungua na wageni walikuwa wanapiga soga. Baba alikuwa ameishika simu yangu kwa mikono miwili, miwani imeshuka puani, anatafuta pa kubonyeza.

"Mwanangu," akaniambia, "ule wa kwanza, unaweza kuurudia? Mama yako hakuusikia vizuri."