Neno, Uzito na Jirani: Jinsi Kompyuta Ilivyofundishwa Kutafuta Mahali pa Protini katika DNA

Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walitoa rai kwamba jeni za bakteria huzuiwa na kitu kinachojishikiza mahali maalumu. Mwaka 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walikitenga kizuizi kimoja cha bakteria E. coli, nacho kikaonekana kuwa ni protini. Likabaki swali: protini hupatambuaje mahali pake katika mfuatano mrefu mno wa herufi nne tu, yaani A, C, G na T?

Hapo mwanzo lilitafutwa neno kamili. Mwaka 1975 David Pribnow alilinganisha sehemu zishikwazo na kimeng'enya kinachonakili jeni, akaona kipande kinachokaribiana katika zote. Umbo lake la wastani huandikwa TATAAT. Lakini sehemu nyingi za kweli hutofautiana na umbo hilo kwa herufi moja au mbili. Tena, neno lolote la herufi sita hutarajiwa kutokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 4,096, na DNA ya E. coli ina herufi zipatazo milioni 4.6. Basi alitafutaye neno peke yake huziacha nyingi zilizo za kweli, na huokota mamia yasiyo na maana.

Mwaka 1982 Gary Stormo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, wakichunguza mahali ambapo ribosomu huanzia kusoma RNA, waliunda jedwali linalompatia msomaji uzito wa kila herufi katika kila nafasi. Rodger Staden wa Cambridge alitumia majedwali ya jinsi hiyo kutafuta ishara za DNA mwaka 1984. Miaka mitatu baadaye Otto Berg na Peter von Hippel walieleza sababu ya kufaa kwake: wingi wa herufi katika nafasi fulani huhusiana na nguvu ya mshiko. Tangu hapo haikuulizwa tena kama neno ni sahihi, bali ni sahihi kwa kadiri gani.

Hata hivyo, mwaka 2004 Wyeth Wasserman na Albin Sandelin walionya kwamba karibu mahali pote panapobashiriwa kwa jedwali peke yake hapana kazi yoyote katika seli hai. DNA huwa imekunjwa, na protini nyingi hufanya kazi pamoja na jirani zao. Programu ya DeepBind, iliyotolewa mwaka 2015, ilijifunza kutokana na wingi wa matokeo ya maabara. Lakini nayo husoma herufi tu.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba katika saratani ya ngozi iitwayo melanoma, badiliko la herufi moja karibu na jeni TERT huweza kuzusha mahali papya pa kushikwa na protini za jamii ya ETS. Atakayepima badiliko kama hilo hana budi kujua kama mahali hapo panatumika kweli.

Mwanafunzi wa lugha hatastaajabu. Neno kaa lina herufi zile zile likiwa jikoni, ufukweni au kitini. Maana yake hujulikana kwa majirani zake.