Azimio la Bunge la kumuenzi kiongozi aliyeuawa: lina nguvu gani?

Kiongozi wa siasa akiuawa, taarifa ya habari huwa na maneno yanayofanana. Polisi wanachunguza, viongozi wanatoa pole, na baada ya siku chache tunasikia kwamba Bunge limepitisha azimio la kumuenzi marehemu na kulaani mauaji yake. Msikilizaji aliyeko Milanzi, Laela au Mtowisa ana haki ya kuuliza: sasa hiyo ni sheria? Kuna mtu atakayelazimika kufanya jambo fulani? Familia itapata nini?

Katika makala hii tunaeleza azimio la namna hiyo ni kitu gani, linatofautianaje na sheria, na kwa nini wakati mwingine watu wamepoteza vyeo kwa ajili ya karatasi ambayo haimlazimishi mtu yeyote.

Azimio ni nini?

Azimio ni kauli ya Bunge zima baada ya hoja kutolewa, kujadiliwa na kuamuliwa. Mbunge, waziri au kamati huleta hoja. Wabunge huchangia. Mwishoni Spika huwahoji, na wengi wetu tunaijua sauti ile redioni: wanaoafiki wanasema "ndiyo", wasioafiki wanasema "siyo". Wenye "ndiyo" wakishinda, Bunge limeazimia.

Sheria hupita njia ndefu zaidi. Huanza kama muswada, husomwa kwa hatua, hupitiwa na kamati, kisha ibara ya 97 ya Katiba ya Tanzania inataka Rais aukubali muswada huo ndipo uwe sheria. Azimio la kumuenzi mtu halipelekwi kwa Rais ili alitie saini. Halina adhabu kwa atakayelipuuza, na peke yake haliwezi kumpeleka mtu mahakamani.

Yapo maazimio yenye uzito tofauti. Bunge linaporidhia mkataba wa kimataifa hufanya hivyo kwa azimio, na hapo nchi inafungwa na mkataba huo kwa sababu Katiba imelipa Bunge mamlaka hayo katika ibara ya 63. Maazimio ya kutoa pole, kupongeza au kuenzi hayamo katika kundi hilo. Mwezi Aprili 2021, kwa mfano, Bunge lilipitisha azimio la kumuenzi Rais John Magufuli aliyefariki mwezi mmoja kabla. Lilikuwa tamko la heshima, halikuwa sheria mpya.

Tuangalie mfano wa karibu. Mkutano wa mtaa au kijiji ukiazimia kutoa pole kwa familia ya mzee aliyefariki, azimio hilo linaandikwa kwenye muhtasari na linabaki hapo. Hakuna mgambo atakayekuja kumkamata asiyekwenda msibani. Lakini halmashauri ikitunga sheria ndogo kuhusu mifugo inayoingia mashambani, sheria hiyo inapita barazani kwa madiwani, inaidhinishwa na waziri, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na atakayeivunja anaweza kutozwa faini. Maamuzi yote mawili yametoka mkutanoni, lakini ni moja tu linalomlazimisha mtu.

Heshima yenye sheria nyuma yake

Tanzania inamfahamu kiongozi wa juu aliyeuawa. Tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alipigwa risasi Kisiwandui, Unguja, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi. Kila tarehe 7 Aprili shule na ofisi za serikali zinafungwa, hata huku Sumbawanga.

Mapumziko hayo hayakutokana na azimio la heshima tu. Yanatokana na sheria ya sikukuu za umma. Zaidi ya hapo, mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa, inayowahusu Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Karume, na inayoweka utaratibu wa kuwaenzi na kutunza kumbukumbu zao. Kwa hiyo anayeuliza "kwa nini leo hakuna shule?" anajibiwa kwa sheria.

Kuna pia heshima ya jina. Dkt. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi na mkulima tarehe 25 Desemba 1971. Jina lake liko kwenye Chuo cha Ualimu Kleruu mjini Iringa, na walimu waliosomea huko wamelitaja jina hilo maisha yao yote.

Sheria inabana, na jina la chuo linaonekana kila siku. Azimio halina sifa hizo mbili. Linabaki kuwa maneno kwenye kumbukumbu za Bunge. Ili kuona maneno hayo yanaweza kuwa mazito kiasi gani, twende kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 1975.

Kenya 1975: neno moja lililofukuzisha watu kazi

Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana kwa wengi kama J.M., alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Aliwahi kufungwa kizuizini wakati wa Mau Mau na baadaye akawa katibu wa Jomo Kenyatta. Katika miaka ya 1970 alikuwa akisema wazi kwamba Kenya inatengeneza matajiri wachache na maskini wengi. Maneno hayo yalimpa wapenzi vijijini na maadui mjini.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana kwa mara ya mwisho akitoka Hoteli ya Hilton jijini Nairobi. Siku nyingi zilipita familia ikimtafuta. Zilisambaa hata habari kwamba amesafiri kwenda Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umeshaokotwa na mchungaji kwenye vilima vya Ngong, nao ulikuwa chumba cha maiti jijini Nairobi.

Wabunge walikasirika. Waliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo. Mwezi Juni kamati ilileta ripoti. Kabla ya kuwasilishwa, majina ya watu wawili wa karibu na Rais Kenyatta yaliondolewa. Hata hivyo ripoti iliwagusa polisi na watumishi wengine wa serikali, na ilitaka uchunguzi uendelee.

Ndipo ukaja ubishi ambao kwa juu unaonekana mdogo. Serikali ilitaka Bunge liichukue ripoti kama taarifa tu, yaani liseme limeiona. Wabunge wengi walitaka Bunge liikubali, yaani liseme haya ndiyo maneno yetu. Ripoti haikuwa hukumu, na Bunge halikuwa na uwezo wa kumfunga mtu. Kwa njia yoyote ile, polisi na mwanasheria mkuu ndio wangeamua kama kuna kesi. Kwa hiyo kwa sheria tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa ndogo sana.

Kwa siasa ilikuwa kubwa. Tarehe 11 Juni 1975 upande wa serikali ulishindwa kwa kura 59 dhidi ya 62. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wadogo wawili, John Keen na Peter Kibisu, walipiga kura pamoja na walioikubali ripoti, na wote watatu wakafukuzwa kazi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, baada ya mjadala mwingine, Naibu Spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku walikamatwa kwenye majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini. Walitoka Desemba 1978.

Na waliomuua J.M.? Hadi leo hakuna mtu aliyetiwa hatiani.

Hapa ndipo tunaona nguvu ya azimio na udhaifu wake. Udhaifu ni kwamba Bunge lilisema, na serikali haikulazimika kufuata. Nguvu ni kwamba kauli ile haikufutika. Kila mtoto wa Kenya anayesoma habari za mwaka 1975 anakuta kwamba wabunge 62 walikataa mauaji yale yapite kimyakimya. Kama kura ile ingekuwa maneno matupu, pasingekuwa na haja ya kuwafukuza waliopiga.

Maneno gani yamo ndani ya azimio?

Azimio la namna hii linaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: kulaani mauaji, na kusifu kazi ya marehemu. Hayo si jambo moja.

Marekani ilionyesha hilo mwaka 2025. Mwezi Juni, Melissa Hortman, Spika wa zamani wa bunge la jimbo la Minnesota kutoka chama cha Democratic, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Baraza la Wawakilishi mjini Washington lilipitisha azimio la kulaani shambulio hilo bila hata kura moja ya kupinga. Mwezi Septemba aliuawa Charlie Kirk, mwanaharakati wa mrengo wa kulia. Azimio la kumuenzi lilipita kwa kura 310 dhidi ya 58. Waliopinga walisema wanalaani mauaji yake, ila azimio lilisifu pia maisha na siasa zake, na hapo hawakukubaliana nalo. Waliounga mkono waliona kwamba mtu aliyeuawa kwa ajili ya siasa anastahili heshima hiyo.

Kwa hiyo ukisikia "wabunge kadhaa wamepinga azimio", usiharakishe kusema wamefurahia kifo. Kwanza uliza azimio lilisema nini.

Basi ni kazi bure?

Hapana. Azimio lisilobana linaweza kuisukuma serikali iwapo watu hawaliachi likalala. Tanzania tuna mfano, ingawa hauhusu mauaji. Mwishoni mwa Novemba 2014 Bunge lilipitisha maazimio manane kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Bunge halikuwa na uwezo wa kumfukuza waziri. Hata hivyo mwezi Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu na waziri mmoja akaondolewa, na Januari 2015 waziri mwingine akajiuzulu. Kilichosukuma mambo ni Bunge, magazeti na wananchi waliokuwa wakiuliza kila siku.

Kwa familia ya aliyeuawa, azimio linatoa kitu kimoja cha hakika: kumbukumbu rasmi kwamba nchi ilitambua kilichotokea. Ni faraja, hasa pale ambapo wakubwa wangependa jambo lisahaulike. Lakini halichukui nafasi ya uchunguzi, kesi wala fidia. Serikali ikionyesha azimio kana kwamba ndiyo haki yenyewe, familia imepewa rambirambi, na deni la haki bado liko palepale.

Maswali ya kuuliza

Ukisikia redioni kwamba azimio limepita, jiulize haya:

Je, ni azimio au ni muswada? Kama ni azimio la heshima, hakuna sheria iliyobadilika.

Linalaani mauaji, linamsifu marehemu, au yote mawili?

Je, linataja hatua yoyote, kama uchunguzi, kamati au kuleta muswada baadaye? Na limempa nani kazi hiyo, mpaka lini?

Kura zilipigwaje? Kwa sauti ya "ndiyo" na "siyo" huwezi kujua mbunge wako alisimama wapi. Kwa kura ya majina unaweza.

Mijadala ya Bunge letu huandikwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi, ambayo wengi huiita Hansadi, nayo huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Unaweza kuifungua kwa simu. Kama mtandao unasumbua, muulize mbunge wako siku akija kwenye mkutano wa hadhara. Mwambie akueleze azimio lilisema nini, yeye alikuwa upande gani, na tangu siku ile nini kimefanyika. Swali la tatu ndilo gumu kulijibu, na ndilo la kurudia mkutano baada ya mkutano.