Makubazi ya Matairi Milimani Colorado

Mji wa Leadville, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mgodi wake mkubwa ulipofungwa, wachimbaji walikosa kazi. Mwaka 1983 mmoja wao, Ken Chlouber, akaanzisha mbio za kilomita 161 ili wageni waje, walale na waache fedha mjini. Mkimbiaji huvuka mto, hupanda hadi Hope Pass, karibu mita 3,800, hushuka upande wa pili, kisha hugeuza na kuupanda mlima uleule.

Katika safari kama hiyo mguu hubadilika. Kadiri saa zinavyopita, unavimba, na kiatu kilichokaa vizuri alfajiri kinabana ifikapo jioni. Kwenye mteremko vidole hugonga mbele hadi kucha zinakuwa nyeusi. Soksi ikilowa na kusugua ngozi yenye joto, malengelenge hutokea. Wapo wanaoacha mbio wakiwa na pumzi tele, wameshindwa na nyayo tu.

Mwaka 1992 walifika wakimbiaji wa Rarámuri, watu wa mabonde ya Chihuahua, Meksiko, ambao wengi huwaita Tarahumara. Hakuna aliyemaliza. Wakarudi 1993, na mshindi akawa Victoriano Churro, mkulima wa miaka 55, miguuni makubazi ya kamba yenye soli za matairi chakavu. Mwaka uliofuata Juan Herrera alishinda kwa saa 17 na dakika 30, akimwacha nyuma Ann Trason, bingwa mkubwa wa mbio ndefu.

Sisemi kwamba makubazi ndiyo yaliyoshinda. Ilishinda miguu iliyozoea mawe tangu utotoni. Lakini anayezijua akala za Kenya au katambuga za Wamaasai ataelewa mara moja faida yake: mbele hakuna ukuta, vidole vinatanuka, maji hayatuami, na kamba ikibana inalegezwa.

Watengenezaji walichukua muda kulielewa hilo. Huko Utah, Golden Harper, aliyefanya kazi katika duka la viatu la familia yake, alipasha viatu moto kwenye oveni ndogo ili gundi ilegee, akabandua soli na kupunguza kisigino kilichoinuliwa mno. Kutokana na majaribio hayo ikazaliwa kampuni ya Altra, yenye viatu vipana mbele kwa umbo la mguu. Mwaka 2009, huko Annecy, Ufaransa, waanzilishi wa HOKA walishika njia nyingine kabisa: soli nene na laini ya kupokea kishindo cha mteremko. Njia zote mbili zina wafuasi hadi leo.

Kwa maoni yangu, upana wa mbele ni muhimu kuliko unene wa soli. Basi ukienda kununua, nenda jioni miguu ikiwa imevimba, vaa soksi utakazokimbia nazo, na uache mbele ya kidole kirefu nafasi ya upana wa kidole gumba.