Daraja Katika Chapa: Nihonbashi ya Hiroshige Kama Hati ya Historia ya Jamii

Historia ya tabaka la chini aghalabu huhifadhiwa na kazi za bei nafuu zilizotolewa kwa wingi. Mfano mmojawapo ni chapa ya ubao ya Utagawa Hiroshige (1797–1858) inayoonyesha daraja la Nihonbashi mjini Edo, yaani Tokyo ya leo. Chapa hiyo ya miaka ya 1833–1834 ndiyo inayofungua mfululizo wa picha 55 za barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto.

Daraja hilo la mbao lilijengwa mwaka 1603, na mwaka uliofuata utawala wa Tokugawa ukalifanya chanzo cha njia kuu za nchi. Hata hivyo, Hiroshige halitukuzi. Ni alfajiri, na lango limefunguliwa. Mgongoni mwa daraja unatokeza msafara wa daimyo, watumishi wakitangulia na makasha na alama za cheo. Bwana mwenyewe haonekani. Mbele, kushoto, wachuuzi wa samaki wamejibana kando ya mbao za amri za serikali, wakiupisha msafara. Kulia, mbwa wawili wanajishughulisha na yao. Dola imewekwa nyuma; aliye karibu na mtazamaji ni mchuuzi, ambaye soko lake lilidumu hapo hadi tetemeko la ardhi la 1923.

Kifani, chapa hii si ngeni kwa msomaji wa kanga, ambazo nyingi zilichapishwa Japani katika karne ya 20. Kama vile kanga ilivyo na pindo, mji na jina, ndivyo chapa hii ilivyo na mpaka, mandhari na maandishi: jina la mfululizo, la kituo na la msanii. Tena ni zao la ushirika wa mchoraji, mchongaji, mpigaji chapa na mchapishaji.

Daraja la mbao halipo tena. La mawe lilikamilika mwaka 1911, na mwaka 1963 barabara ya juu ikaliziba anga, kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 1964. Anga ile ya alfajiri imebaki katika chapa.

Suala hili linaihusu Nairobi pia. Barabara ya kasi ya kilomita 27, ambayo sehemu yake ni ya juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Katika Barabara ya Outer Ring, karibu na Tassia, wapita njia huvuka kwa madaraja ya miguu. Kumbukumbu za ujenzi zitahifadhi urefu na gharama; anayeuza chini ya ngazi za daraja hamo hamna nafasi yake. Ni wajibu wa fasihi na uhakiki wake kumweka mbele ya picha.