Kabla ya Ithibati Kulikuwa na Gendia

Gendia iko karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay. Waadventista Wasabato walifungua misheni hapo mwaka wa 1906, wakiwemo Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, aliyetoka Malawi ya leo. Kufikia 1913 misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapa. Kiwanda kilichozaliwa pale leo kinaitwa Africa Herald Publishing House. Zaidi ya miaka mia, jo!

Enzi hizo herufi za risasi zilipangwa kwa mkono, moja moja, kinyumenyume kama maandishi kwenye kioo. Mtu alijifunza kwa kusimama kando ya fundi. Cheti? Karatasi ikitoka na madoa ya wino, kila mtu anaona.

Serikali ilikuja baadaye sana. Sheria ya 1985 iliunda Tume ya Elimu ya Juu, lakini vyuo vikuu vya umma viliendelea kujipitishia kozi kwenye seneti zao. Tume ilivibana zaidi vile vya binafsi. Sheria ya 2012 ndiyo iliyoviweka vyote chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mwaka uliofuata vyuo vya kiufundi navyo vikapata msimamizi wao, TVETA. Huku kwetu, Rongo ilipata hati yake 2016, Tom Mboya 2022. Na hapa ndipo wengi hupotea: hati ni ya chuo, si ya kozi. Kila kozi hutafutiwa idhini yake. Geti likiwa kubwa na basi likiwa jipya, nani atauliza?

Binamu yangu wa Migori hakuuliza. Alisomea dizaini miaka miwili katika chuo ambacho sitakitaja, na alipotaka kuendelea na digrii akaambiwa kozi yake haijasajiliwa. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili.

Wahandisi wana bodi yao, hupiga kelele. Wabunifu wa michoro hawana.

Siku hizi binamu ana kibanda karibu na stendi: posta za wanasiasa, mabango, vijitabu vya mazishi. Nimemwambia kuhusu mamlaka ya sifa za kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, na mpango wa kumpima mtu kwa ujuzi alioupatia kazini, yaani ule ule wa Gendia. Ameniuliza kama wataangalia kazi zake kwenye flashi.