Kanda, mkanda na kaseti

Kamusi inakupa mkanda wa kiunoni na ukanda wa nchi, wingi wake kanda. Wapiga picha za harusi waliongeza matumizi yao. Kwao kaseti ni kile kiboksi cha plastiki. Kanda ni utepe uliomo ndani. Mkanda ni harusi yenyewe ikishahaririwa. Ndiyo maana huko Kitahana na Kasulu mjini mtu huuliza, “Mkanda wetu umekwisha?” wala haulizii kaseti.

Enzi za kamera za MiniDV, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, tofauti hiyo ilikuwa na faida. Utepe wa MiniDV una upana wa milimita 6.35 tu. Kaseti ya kawaida hurekodi dakika 60. Ukichagua mwendo wa polepole unapata 90, ila picha huwa rahisi zaidi kukatikakatika. Kwa harusi, mimi ningebeba kaseti ya ziada kuliko kubana mwendo. Mafundi walishauri pia ung’ang’anie aina moja ya kanda, na vumbi jekundu la kiangazi lisiguse kamera iliyo wazi. Mgongoni mwa kaseti kuna kidude cha kusogeza: kisogeze, na hakuna atakayerekodi juu ya kiapo cha bwana harusi.

Siku hizi picha zimo kwenye kadi ndogo isiyo na hata utepe. Lakini ukisimuliwa ugomvi wote wa mahari, bado utasema umepewa mkanda mzima.