Kitu Pekee Kinachohimili Nyuzi
Ng'ambo ya Ziwa Mweru, kule Pweto na Kilwa ya Kongo, Kiswahili ndicho lugha ya soko. Upande wa Zambia, Nchelenge na Kashikishi, Kibemba ndicho kinachotawala, ila mchuuzi wa samaki anayevuka maji huzihitaji lugha zote mbili. Tena tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, na Zambia ni mwanachama. Kijana wa mwambao huu anayejifunza kuunda programu za simu anastahili kuzipata istilahi za kazi yake kwa Kiswahili, hata zile ngumu kama thread-safe singleton, ambayo mtu angeweza kuiita singletoni salama kwa thredi.

Tuseme anaandika programu ya kupokelea samaki. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Machi ikiingia, mizani haitulii. Uzi mmoja wa programu, yaani thredi, unaandika kilo zilizopimwa, mwingine unavizia mtandao urudi upeleke kumbukumbu kwenye seva. Nyuzi zote mbili zinatumia hifadhidata ile ile, hivyo klasi inayoifungua haina budi kutoa kitu kimoja tu muda wote programu inapoendeshwa.

Hatari iko wakati wa kukiunda. Uzi wa kwanza unauliza: kipo? Hakipo. Kabla haujakiunda, uzi wa pili nao unauliza, unapata jibu lile lile, na vinazaliwa vitu viwili. Kilichobaki ndani ya kimoja bila kuandikwa kwenye hifadhidata, kingine hakina habari nacho. Kosa hili hutokea kwa nadra, na ndiyo maana ni gumu kulinasa: simu ya majaribio haipati msongamano wa asubuhi ya Machi.

Tiba ni kufuli: uzi mmoja uingie, mwingine usubiri. Kwa kuwa kufunga kila mara kunakula muda, waandishi wa Java walizoea kuuliza mara mbili, kwanza nje ya kufuli, kisha ndani. Kumbe kabla ya Java 5 ya mwaka 2004, uzi wa pili uliweza kukiona kitu ambacho ujenzi wake haujakamilika. Toleo hilo ndilo lililolipa neno volatile nguvu ya kuzuia hilo, na bila neno hilo mbinu hii haiaminiki hata leo. Kotlin ina object, Swift ina static let, nazo huhakikisha zenyewe kwamba uundaji unafanyika mara moja. Ila object ya Kotlin haipokei vigezo wakati wa kuundwa, na hifadhidata ya Android huhitaji muktadha wa programu; mara nyingi unajikuta umerudi kwenye kufuli na volatile.

Sasa jina. "Kitu cha kipekee" siliafiki: kipekee husifu ubora, na hapa tunahesabu. "Kitu pekee" kinatosha. "Salama" nalo humpeleka msomaji kwenye nywila na wezi, ilhali tatizo ni nyuzi za programu yenyewe zinazoingia kwa pamoja. Napendekeza "kitu pekee kinachohimili nyuzi". Na kwa kuwa wasomaji wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums wanaujua uzi kama mjadala, vitabu viandike "uzi wa utekelezaji" mara ya kwanza, kisha "uzi" tu.

Lakini kuundwa mara moja hakukilindi kitu kinapotumiwa. Orodha iliyomo ndani yake bado yaweza kuharibiwa na nyuzi mbili zinazoiandika kwa wakati mmoja. Anayefundisha istilahi hii aseme wazi kama kinachohimili nyuzi ni uundaji peke yake, au ni kila kazi ambayo kitu hicho hufanya.